Kundi la Wageni: Maisha ya Sokwe Yatima

Hotuba kwa wanafunzi, walimu na wazazi, Mbeya

Mheshimiwa Mwenyekiti, mwalimu mkuu na walimu wote, wazazi wenzangu, na ninyi vijana mliokaa huko nyuma mkidhani siwaoni: wakubwa shikamooni, na wadogo marahaba, hata kama hamjaniamkia. Waliotoka Iringa na Njombe, kamwene. Wa kwetu Rungwe, ugonile.

Mwenyekiti amenitambulisha kuwa ni daktari wa mifugo mstaafu. Ni kweli. Maisha yangu ya kazi yameishia kwenye ndigana ya ng'ombe na kideri cha kuku, kwa hiyo mna haki ya kujiuliza mtu kama huyu anatafuta nini kwenye habari za sokwe. Ni mapenzi tu, ya muda mrefu, yaliyonifanya nisome kila nilichokipata, na siku moja nikapanda treni ya TAZARA hapa Mbeya kwenda Zambia kuwaona. Lakini ujue kuwa aliyetibu mifugo ana jicho lake. Ukimtoa ng'ombe Usangu ukamleta Uyole, atalialia siku chache, kisha akipata majani na maji anatulia na maziwa yanarudi. Mtoto wa sokwe ukimtoa kwao ukampa maziwa, ndizi na blanketi zito, anaweza kufa huku tumbo limeshiba. Kinachomuua ni kukosa kundi lake. Leo nataka niseme habari za vituo vinavyowatunza sokwe yatima, na kazi yao kubwa ambayo watu hawaioni: kuchukua sokwe wasiojuana, kila mmoja na majeraha yake, na kuwafanya wawe kundi.

Tuanze na wanakopatikana. Milima yetu haina sokwe. Mtu akikwambia ameona sokwe msitu wa Rungwe, muulize kama alikuwa na mkia. Akisema ndiyo, basi kaona nyani, mbega au kima. Sokwe hana mkia. Sokwe wa Tanzania wako magharibi, kando ya Ziwa Tanganyika: Gombe na Mahale kule Kigoma, na misitu inayoshuka hadi Katavi na Rukwa. Mtafiti Mwingereza Jane Goodall alifika Gombe Julai 1960 akiwa na miaka 26, na alipofariki Oktoba 2025 alikuwa na miaka 91. Mahale walioanza utafiti ni Wajapani, wakiongozwa na Toshisada Nishida, tangu 1965. Nalisema hili kwa fahari kidogo: sehemu kubwa ya yale dunia inayoyajua kuhusu sokwe ilijulikana kwanza kwenye ardhi ya Tanzania.

Vituo vya yatima ni habari nyingine. Karibu na sisi viko nchi jirani. Uganda kuna kisiwa cha Ngamba, ndani ya Ziwa Victoria, kilomita 23 hivi kutoka Entebbe, kilichoanza mwaka 1998. Kenya kuna Sweetwaters, ndani ya Ol Pejeta kule Laikipia, tangu 1993, na Kenya haina sokwe wa porini. Zambia kuna Chimfunshi, magharibi mwa Chingola, na Zambia nayo haina sokwe wa porini. Mnaona? Nchi mbili zisizo na sokwe zimefungua nyumba ya sokwe. Hiyo peke yake inakueleza kwamba wanyama hawa hawakufika pale kwa miguu yao.

Wanafikaje? Mwindaji anamtafuta mama mwenye mtoto. Mama anauawa, nyama inauzwa. Mara nyingi na wengine wanaokuja kumtetea wanauawa. Mtoto huwa amemng'ang'ania mama kifuani, na anabanduliwa hapo akiwa hai kwa sababu hai ana bei. Anauzwa awe kichekesho cha dukani, mtoto wa kuvalishwa kaptula, mapambo ya nyumba ya tajiri. Mwaka wa kwanza ni raha. Mwaka wa tatu anavunja vyombo. Akifika miaka saba au minane ana nguvu za kumvunja mtu mzima mkono, na sasa aliyekuwa mtoto wa nyumba anafungwa mnyororo nyuma ya jiko.

Chimfunshi yenyewe ilianza hivyo, bila mpango wowote. David na Sheila Siddle walikuwa wafugaji wa ng'ombe. Mwaka 1983 askari wa wanyamapori akawaletea mtoto wa sokwe aliyekuwa taabani, ana majeraha usoni, amekamatwa kwa majangili waliomtoa Zaire ya wakati ule. Wakamuuguza, akapona, wakamwita Pal. Habari zikaenea kwamba kuna mzungu mmoja na mkewe wanaweza kumponya sokwe, na watu wakaanza kuwaleta. Leo wako zaidi ya 100.

Sweetwaters ilipokea sokwe kutoka Bujumbura vita vilipochacha Burundi. Miongoni mwao yuko dume anaitwa Poco. Huyu miaka yake ya mwanzo aliiishi ndani ya kitundu kidogo kilichoning'inizwa ili wateja wavutiwe waje dukani. Kitundu kilikuwa chembamba hivyo kwamba asingeweza kukaa isipokuwa kwa kusimama. Mpaka leo anatembea wima kwa miguu miwili kuliko sokwe mwingine yeyote pale. Watalii wanamshangilia, wanasema anatembea kama mtu. Mimi daktari nikiona hivyo naona mifupa iliyokulia kwenye kitundu.

Sasa hebu tumtazame huyo mtoto amepoteza nini hasa. Sokwe ananyonya mpaka miaka minne au mitano. Mama hazai mwingine kabla ya hapo, kwa kawaida huwa na nafasi ya miaka mitano au sita kati ya mtoto na mtoto. Muda wote huo mtoto analala na mama kwenye kitanda cha matawi ambacho mama anakisuka upya kila jioni, juu ya mti. Anamwona mama akichagua tunda hili na kuacha lile. Anamwona akichokonoa kichuguu kwa ujiti na kulamba mchwa. Anamwona akimwinamia dume fulani na kumpuuza mwingine. Hakuna hata kimoja cha hivi anachozaliwa nacho kikiwa kimekamilika. Gombe, mwaka 1972, jike mzee aliyeitwa Flo alikufa. Mwanawe Flint alikuwa na miaka minane na nusu, umri ambao angeweza kujilisha mwenyewe bila taabu. Aliacha kula, akajitenga, na wiki chache baadaye akafa naye. Chakula kilikuwepo msitu mzima.

Lakini pia Gombe hiyo hiyo, mwaka 1987, ugonjwa wa mapafu uliua sokwe kadhaa, na mtoto aliyeitwa Mel akabaki bila mama wala ndugu. Akamchukua kijana dume, Spindle, ambaye hakuwa na undugu naye wa karibu. Alimbeba mgongoni, akamgawia chakula, akamruhusu alale naye kitandani. Naomba mkumbuke mifano hii miwili, Flint na Mel, kwa sababu kituo cha yatima kinasimama katikati yake. Kinatafuta kina Spindle.

Mtoto akifika kituoni, kwanza anawekwa karantini, tena ya wiki nyingi. Anapimwa kifua kikuu, homa ya ini, minyoo. Wakati huo mama yake ni binadamu: mlezi anambeba mchana, analala naye usiku, anamnyonyesha chupa. Bila mwili wa mtu wa kung'ang'ania, mtoto hasogei. Lakini mlezi huyo huyo tayari ana kazi ya pili, ya kumtoa mikononi mwake. Akizoea watu kupita kiasi hatajua kuishi na wenzake.

Hapa ndipo penye utamu wa kazi, na ndipo penye hatari. Huwezi kumfungulia mgeni mlango ukamwingiza kundini. Anaweza kung'atwa vidole, hata kuuawa. Wanaanza kuonana kupitia wavu. Walezi wanatazama: nani kamsogelea kwa upole, nani kapiga wavu kwa hasira, nani kanyoosha mkono. Halafu anachaguliwa jike mmoja mtulivu, mwenye moyo wa kulea, anakutanishwa na mgeni peke yao. Wakielewana, anaongezwa wa pili, wa tatu. Madume makubwa wanafuata baadaye, jike yule akiwa tayari ni ngao. Inaweza kuchukua miezi. Mlezi mwenye haraka hafai.

Na kuna jambo moja linalomponza sana mtoto aliyelelewa na watu: hajui kuamkia. Ndiyo, vijana, nimesema kuamkia. Sokwe mdogo kwa cheo akikutana na mkubwa anajishusha, anainama, anatoa mguno wa haraka haraka wa kupumua. Mkubwa akiridhika anaweza kumgusa kichwani au kumnyooshea mkono. Mdogo akipita bila mguno huo, hapo ni kosa. Sasa mtoto aliyekulia sebuleni kwa mtu, aliyezoea kupakatwa na kila mgeni, anamwendea dume kiongozi anamrukia begani. Kipigo atakachokipata hatakielewa. Ni wenzake wenyewe, hasa majike na watoto wakubwa kidogo, wanaomfundisha taratibu. Binadamu hawezi kufundisha somo hilo.

Niwaelezee siku yao. Vituo havifanani. Ngamba, kisiwa kina ekari kama 100 na karibu zote ni msitu. Sokwe wanatoka asubuhi kwenda msituni, mchana wanakuja kupokea matunda na mboga kando ya uzio, na jioni wengi wao wanarudi kwenye vyumba vya kulala, kwenye machela na nyasi, wakipewa uji. Maji ya ziwa yenyewe ndiyo ukuta, kwa sababu sokwe hajui kuogelea. Chimfunshi ni tofauti. Wanaishi kwenye maeneo makubwa ya msitu wa miombo yaliyozungushiwa uzio wa umeme, makubwa zaidi yakikaribia hekta 80. Mwenye shamba la parachichi hapa anajua ekari 190 ni kitu gani. Usiku wengi wanalala huko huko nje kwenye miti, kwenye vitanda walivyosuka wenyewe. Saa sita mchana hivi wanaingia kwenye jengo kula. Wanapewa matunda, mboga, na matonge ya nshima, ambayo mtu wa Mbeya akiiona ataita ugali na ataagiza maharage.

Nilikuwepo saa hiyo ya chakula. Unasikia kabla hujaona. Mmoja anaanza mbali, huu, huu, huu, sauti inapanda, mwingine anadakia, mara msitu mzima unapiga kelele. Madume yanakuja nywele zimesimama, yanakokota matawi, yanapiga mlango kwa miguu. Watoto wanapita chini ya matumbo ya mama zao. Mgeni kama mimi anadhani vita imezuka, kumbe ni furaha tu na kukumbushana vyeo. Dume mmoja kijana aliniona nimesimama peke yangu karibu na uzio, akaokota jiwe, akalishika muda mrefu kama mtu mwenye mawazo yake, kisha akalirusha. Lilinipita mguuni. Walinzi walicheka, wakaniambia huyo anawapima wageni wote.

Baada ya kula ndipo kazi ya kweli ya sokwe inaanza, na hiyo kazi ni kuchambuana manyoya. Wawili, watatu, wanne wanakaa kivulini, mmoja anapekua mgongo wa mwenzake kwa vidole na midomo, anatoa kupe, ukoko, uchafu. Lakini muda wanaotumia ni mwingi mno kwa kupe peke yake. Watafiti wa Budongo, Uganda, walipima mkojo wa sokwe waliotoka kuchambuana wakakuta homoni ya oksitosini, ile inayopanda kwa mama anaponyonyesha, imepanda pia kwao, hasa wakichambuana na rafiki wa kweli. Kwa hiyo ukitaka kujua nani yuko upande wa nani kwenye kundi, usitazame wanaopigana. Tazama nani anamchambua nani mchana jua likiwa kali.

Wanagombana, bila shaka. Chakula, jike aliye kwenye joto, au bila sababu unayoiona wewe. Mholanzi Frans de Waal, miaka ya 1970, kwenye bustani ya wanyama ya Arnhem, alikuwa wa kwanza kutazama kwa makini kinachotokea baada ya ugomvi. Aliona waliopigana wanatafutana: mmoja ananyoosha mkono, mwingine anaupokea, wanabusiana, wanachambuana. Aliona pia majike wazee wakimfuata dume aliyeshika jiwe kwa ajili ya kumpigia mwenzake na kumpokonya mkononi kabla hajalirusha. Natamani jike mmoja wa namna hiyo angekuwepo siku ile ya jiwe langu.

Uongozi wao nao watu wanaupotosha. Mnadhani dume kiongozi ni mwenye misuli kuliko wote. Gombe, mwaka 1964, Mike alipanda kutoka chini kabisa hadi juu bila ubabe wa mwili. Aliokota madebe matupu ya mafuta ya taa kambini kwa Goodall, akajifunza kuyasukuma na kuyagonganisha mbele yake akiwa anakimbilia kundi. Kelele ile hakuna sokwe aliyewahi kuisikia. Madume wakubwa walitawanyika, na aliyekuwa kiongozi, Goliath, akaanguka. Kwenye vituo hali ni hiyo hiyo: dume mwenye marafiki wawili wa kuaminika humshinda mwenye nguvu aliye peke yake, na dume ambaye majike hawamtaki hadumu. Walezi wanalazimika kujua siasa hizi kuliko anavyozijua mwandishi wa habari wa Dodoma, kwa sababu ukimtenganisha mtu na rafiki yake kwa ajili ya matibabu wiki moja, ukimrudisha unaweza kukuta serikali imebadilika.

Sasa nije kwenye kitu kilichonifanya nipande treni. Mahale, miaka ya 1970, iligundulika kwamba sokwe wawili wakichambuana hukaa wanatazamana, kila mmoja anainua mkono mmoja juu, wanashikana mikono hewani, na kwa mikono iliyobaki wanachambuana kwapani. Gombe, umbali usiozidi kilomita mia na kitu kwenye ufuo huo huo wa ziwa, hawafanyi. Msitu unafanana, damu ni moja. Tofauti ni desturi tu. Chimfunshi kuna makundi kadhaa yanayotenganishwa na uzio, na watafiti walikuta desturi hii iko katika makundi fulani tu, na hata yenye nayo yanatofautiana: kundi moja wanashikana kiganja kwa kiganja zaidi, lingine wanaegemezana viwiko na vifundo vya mikono. Kumbukeni hawa ni yatima waliotoka huku na huku. Hakuna aliyewaletea desturi. Wameitunga pale pale.

Na kuna Julie. Mwaka 2010 jike huyu wa Chimfunshi alianza kuchomeka jani refu la nyasi sikioni na kuliacha linaning'inia, akaendelea na shughuli zake. Halikuwa na faida yoyote inayoonekana. Kundi lake lilikuwa na sokwe 12, na muda si mrefu wanane wakawa wanachomeka nyasi sikioni. Makundi jirani, yenye nyasi zile zile, hawakuiga, isipokuwa mmoja aliyeonekana mara moja tu. Julie akafa, na baadhi ya wenzake wakaendelea na mtindo wake. Watafiti wakiongozwa na Edwin van Leeuwen waliyaandika haya mwaka 2014. Wataalamu wanabishana inamaanisha nini. Mimi nasema wazi maoni yangu: ukiona wanyama waliokusanywa kutoka mikononi mwa majangili wameanza kuwa na mitindo, ujue lile kundi limeshakuwa kundi.

Hata kifo kinaonyesha hivyo. Mwaka 2011 dume kijana wa Chimfunshi, Thomas, miaka tisa, alikufa kwa ugonjwa wa mapafu. Kundi liliruhusiwa kumwona. Walimzunguka kimya, wengine wakamgusa, wengine wakamnusa. Thomas alikuwa yatima, na jike aliyeitwa Noel ndiye aliyekuwa amemchukua kama mwanawe. Wengine walipoondoka kufuata chakula walichopewa, Noel alirudi. Alikaa karibu na kichwa, akachagua bua gumu la nyasi, akaanza kusafisha meno ya marehemu, huku binti yake akitazama. Video ipo, na maelezo yake yalichapishwa mwaka 2017. Sitawaambia Noel alikuwa anawaza nini. Nawaambia alichofanya.

Nipite haraka kwenye mambo mawili ambayo huwa naulizwa. La kwanza, kwa nini vituo haviwaachi wazaliane? Majike wengi wanawekewa vijiti vya uzazi wa mpango, hivi hivi wanavyowekewa dada zenu kliniki. Sababu ni nafasi. Sokwe anayetunzwa anaweza kufika miaka 50 na zaidi, na kila anayezaliwa kituoni anachukua sehemu ya yatima ambaye yuko njiani. Hata hivyo mara moja moja kijiti kinashindwa, na nimeambiwa siku hiyo walezi hawakasiriki sana, kwa sababu watoto wanatuliza kundi.

La pili ni magonjwa. Sokwe anashikwa na mafua yetu, kifua kikuu chetu, na mwaka 1966 sokwe wa Gombe walipata polio. Kwa hiyo mgeni anakaa mbali, akikohoa hapiti, na mtu mwenye akili haombi kumpakata. Hapo niwaombe kitu vijana. Zile video za sokwe aliyevalishwa suti anacheka, mnazotumiana kwenye simu. Ule mdomo uliofunguka meno yote yakaonekana mara nyingi ni woga. Sokwe anapofurahi, anapocheza, hulegeza mdomo na meno ya juu hufunikwa. Na anayeposti amempata wapi? Kila video inayopendwa na watu milioni inampandishia bei mtoto mwingine kifuani kwa mama yake. Usiitume. Hata kwa kicheko.

Vituo hivi navipenda na vimenihuzunisha. Vinakula fedha kila siku, miaka 50 kwa kila mnyama, na watu wanaovifanyia kazi ni wa kuheshimiwa. Lakini ni hospitali. Hakuna anayejivunia kuwa na hospitali kubwa ya ajali ilhali barabara imeachwa vilevile. Na sisi wa nyanda za juu tusikae tukiwasikitikia sokwe wa wenzetu. Juu ya mlima Rungwe na ndani ya Kitulo yuko tumbili anayeitwa kipunji. Wazee wetu walimjua kwa jina, ila sayansi ilimwona mwaka 2003, ikamtangaza 2005, na mwaka 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe, yaani ukoo wake peke yake katika mpangilio wa sayansi, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa tumbili wa Afrika kwa zaidi ya miaka 80. Hesabu iliyofuata ilikuta kama 1,100 tu, wote Tanzania. Anaishi kwa makundi, na kwenye mashamba ya mahindi yaliyopakana na msitu ananaswa na mitego. Kwa kipunji hakuna kituo cha yatima. Kuna msitu ule tu, na majirani zake, ambao ni sisi.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Kuna karatasi ya swali imefika hapa mbele, ya binti wa kidato cha pili, na ni nzuri kiasi kwamba nitaijibu kabla ya kushuka. Anauliza: kwa nini wasirudishwe tu porini?

Kwa sababu porini kuna wenyewe. Sokwe wa porini wanalinda eneo lao, na madume wageni wanauawa. Gombe yenyewe, kati ya 1974 na 1978, kundi moja lilimaliza madume wa kundi jirani ambao zamani walikuwa pamoja nao. Isitoshe, sokwe aliyelelewa na watu hawaogopi watu, na akija shambani kwako hutamwuliza historia yake. Anaweza pia kupeleka magonjwa yetu msituni. Imewezekana mahali pachache. Kongo Brazzaville, kwenye hifadhi ya Conkouati, sokwe 37 waliachiliwa kati ya 1996 na 2001, wakifuatiliwa kwa miaka.

Na imewezekana hapa kwetu, binti yangu, kabla ya hapo kote. Kati ya 1966 na 1969, Mjerumani Bernhard Grzimek, mtaalamu wa wanyama, na wenzake wa Frankfurt walileta sokwe 17 kutoka bustani za wanyama za Ulaya wakawaachia kisiwa cha Rubondo, Ziwa Victoria. Kisiwa hakikuwa na sokwe wenyeji wa kuwapiga. Hawakufundishwa chochote. Mwanzo ulikuwa mgumu; baadhi ya madume waliwashambulia watu na wawili wakapigwa risasi. Lakini katika mwaka mmoja hivi walikuwa wameshajua matunda ya kisiwa na wanasuka vitanda juu ya miti. Wakazaa, na watoto wao wakazaa. Wajukuu wale hawajui bustani wala ndizi ya mkononi, na askari wa TANAPA wamelazimika kuwafuatilia msituni kwa miaka mingi, siku baada ya siku, ili tu wawazoee watu kiasi cha kutowakimbia watalii.